Levo ya Tisa

Miezi kumi na minne, Sechelela, na bado uko levo ya tisa.
Mimi ni sitini na sita. Nina ngao ya mfupa,
nina jina linalowaka dhahabu juu ya kichwa
ambalo hapa Nkuhungu hakuna anayelijua.
Hapa mimi ni yule mhitimu wa chuo.
Wananiuliza, bado?
Nawajibu, bado.

Kikosi chetu watu ishirini. Sheria niliandika mimi:
saa saba kamili usiku, bando la usiku limeshafunguka,
simu chaji mia, LUKU imejazwa mapema,
ngao mbele, mganga nyuma, hakuna kwenda kukojoa.
Joka la Mlango wa Tatu lina roho ya dakika kumi na moja
na halisamehe kidole kinachosinzia.

Wewe ndiye ulikuwa mganga wetu.
Hatukuwa na mwingine; aliyekuwepo aliolewa Manyoni.

Usiku wa kwanza ulichelewa: jamani, punda kakata kamba.
Wa pili ukaja, ukaponya mtu mmoja, ukanyamaza.
Wa tatu tulikufa wote,
tumerundikana mlangoni kama magunia ya uwele,
nikafungua ramani kukutafuta
nikaiona nukta yako ya kijani, mbali, kusini,
kando ya mto,
haisogei.

Nikakuandikia maneno ambayo mama asingeamini ni yangu.
Nikaandika: mzigo.
Nikaandika: hapa watu wanafanya kazi, wewe umekuja matembezi.
Nikabonyeza Ondoa.
Ikauliza, una uhakika? Nikabonyeza tena, kwa nguvu,
kana kwamba kioo cha simu kinasikia maumivu.

Ulijibu asubuhi, bila herufi kubwa, kama kawaida yako:

pole kapteni sikuwa nimelala
nilikuwa nasikiliza maji
wameyatengeneza vizuri yale maji yanalia kabisa
siku moja vaa spika za masikio upite pale darajani

Nilicheka. Niliwaonyesha wenzangu, nao wakacheka.
Ndahani akaandika ha ha ha mistari mitatu.

Alhamisi nikatumwa Mpunguzi, kudai hela ya shangazi.
Pale kuna daraja. Chini yake mchanga.
Wanawake sita wamechimba shimo la kimo cha mtoto,
wamekaa ukingoni, wanangoja maji yajikusanye.
Kata moja. Unangoja.
Kata nyingine, nusu yake tope.
Madumu ya njano yamepanga foleni hadi kwenye mizabibu
na punda mmoja amefungwa kwa kamba
yenye fundo jipya.

Sura yako siijui. Sikuuliza.
Hela ya shangazi sikupewa.

Usiku ule nilipita kule kusini kabla ya vita.
Nisikudanganye, sikukaa. Nilisimama na upanga mkononi,
spika masikioni, nje upepo unapiga mabati,
nikahesabu dakika mbili, nikaona ni hasara,
Ndahani tayari anaita, kapteni uko wapi, kapteni.

Lakini yanalia. Hilo nakubali.
Yanalia kama kitu kisichodaiwa.

Basi sikiliza. Nafasi ya mganga bado iko wazi.
Sheria ni ileile, sijaifuta hata neno:
saa saba kamili.
Haya, saa saba na robo.