Usifunue Pipa

Alfajiri, kabla ya adhana kuiamsha Ngamiani,
nimelivuta pipa kutoka nyuma ya banda la kuku.
Lilikuwa la mafuta ya mashine, karakana ya reli;
nimelichoma mara tatu kwa makumbi
hadi likasahau kazi yake ya zamani.

Nyama nilinunua jana kwa Shebughe:
kidari, kilo nne kasorobo, mafuta yake juu hayakuguswa.
"Ya mchuzi?" Hapana. "Mishikaki?" Hapana.
"Ya moshi, siku nzima? Basi una wazimu,"
akaifunga gazetini, akanirudishia chenji pungufu.

Usiku kucha imelala na chumvi ya mawe
na pilipili manga ya Amani, ya kutwanga,
maana mama anasema mashine huitoa pilipili roho.

Mama hanusi.
Miaka kumi na tisa chumba cha brashi, shamba la mkonge,
vumbi la singa likamwingia puani,
likapanga, likakaa, halikulipa kodi.
Ubani, beberu, utosi wa mjukuu,
vyote kwake ni hewa tu.
Lakini kamba ameifunga yeye,
katani, mizunguko saba, fundo la robota,
vidole vikienda vyenyewe kama vinadaiwa.

Kuni ni za mchungwa, zimetoka Muheza,
matawi ya mti uliozaa hadi ukachoka.
Sitaki moto, nataka moshi;
wala si ule mweupe, mzito, wa hasira,
bali mwembamba, wa samawati,
unaotoka kama mtu anayeomba radhi.

Saa mbili. Saa tatu.
Saa nne Mwanakombo wa nyumba ya pili amebisha hodi,
kanzu ya mumewe mkononi, imefuliwa, imetiwa buluu:
"Kesho Ijumaa. Aingie msikitini ananuka bucha lililoungua?"
Nimemwomba msamaha. Nimemhamishia kamba ya nguo
upande wa barabarani, huku akinisimamia.

Saa sita nyama imegoma.
Joto halipandi, halishuki. Imenuna,
inatoka jasho kama mwanafunzi mbele ya ubao.
"Usifunue," mama amesema kutoka mkekani, macho kayafumba.
"Sijafunua."
"Mkono uko juu ya bati. Nimeusikia."

Anasikiliza. Hiyo ndiyo pua yake ya sasa.
Tone la mafuta likidondokea majivu hulia chwi,
kisha kimya, kisha chwi.
"Yakifuatana kama tasbihi, bado.
Yakianza kuachana, imekubali."

Mimi nimezoea spana:
kitu kikikwama, unakaza mkono.
Hapa ukikaza umeharibu.
Nimelisha kuni, kipande, kipande,
nimekunywa chai ya mchaichai hadi ikapoa,
nimehesabu kuku, wako tisa, nikawahesabu tena.

Saa kumi na moja amekuja mwenyewe, akishika ukuta,
akabonyeza kwa dole gumba kama anayechagua parachichi.
"Toa. Ifunike. Isiguswe hadi Magharibi."

Kisu kimepita bila kuulizwa jina.
Ukingoni nyeusi kama sufuria ya shughuli,
kisha uzi wa wekundu, kisha kahawia, na maji yake bado ndani.
Mwanakombo amekula vipande vitatu kasimama,
kanzu hakuitaja.
Mama ametafuna taratibu, kwa upande wenye meno.
Nimengoja.
"Chumvi imezidi," akasema.

Usiku nimemkuta uani, kwenye kigoda,
anaifungua ile kamba, fundo moja moja,
aioshe, aianike, maana katani haitupwi.
Kila fundo likiachia analipeleka puani,
anavuta pumzi, anangoja kidogo, analishusha.

Sikumuuliza.
Nimechutama, nikashika ncha ya pili
isije ikajisokota.