Jogoo wa Saa Tatu

Msibani Isevya walinipa kuni.
Si kukata vitunguu, si kupepeta mchele.
"Wewe Nyamizi una nguvu, kaa na moto."
Nikakaa na moto.
Moto haujui kunong'ona,
na moshi ukikutoa machozi
hakuna anayeuliza ni ya nini.

Aliyenigawia kazi ni Bi Kalunde,
mwenye mwiko, mwenye sauti,
mwenye kujua nani ale wapi.
Chai ilipokuja, vikombe vya wenzangu vilikuwa vya bati.
Changu cha plastiki, cha buluu, pembeni mwa sinia.
Nilikinywa mpaka chini.
Sukari ilikolea, siwezi kusema uongo.

Miaka sita nimejifunza vitu vidogo:
kufuata dawa Sikonge, nikiipita Kitete
kama mtu asiyejua pana hospitali;
kushindilia pamba ndani ya kopo
vidonge visicheze njuga;
kulifukia kopo katikati ya matobolwa
maana wifi yangu hapendi matobolwa.
Kusema "nina vidonda vya tumbo"
hadi tumbo lenyewe likaanza kuamini.

Usiku tukajipanga mikekani,
miguu ya huyu kichwani kwa yule.
Kushoto kwangu palibaki wazi, mkeka mzima.
Saa tatu, jogoo wa simu yangu akawika.
Nikamkaba shingo chini ya khanga,
na kabla hajanyamaza
akajibu jogoo mwingine
ng'ambo ya chumba,
kifuani kwa Bi Kalunde.

"Mwanangu huyo, yuko Urambo,"
akasema.
Hakuna aliyekuwa amemuuliza.

Nikatoka na kikombe changu cha maji.
Nyuma ya choo nikamkuta amesimama,
shavu limetuna, kidonge kimegoma kushuka.
Nikampa.
Akakitazama kile kikombe cha buluu
kwa muda ambao mbwa wa jirani
alibweka, akachoka, akaacha.
Kisha akanywa.

Sikusema. Naye hakusema.
Alipangusa ukingo wa kikombe kwa khanga yake,
sijui ni kwa ajili yangu
au ni mazoea tu ya mkono.

Asubuhi akaniita mbele ya wote:
"Nyamizi! Kuni!"
Nikaenda.

Chai ilipokuja, kikombe cha buluu hakikuwapo siniani.
Labda amekitupa.
Labda amekificha
huko huko anakoficha vyake.