Nakala ya Deni

Jumanne jioni, darasani, juu ya steshenari ya Mkuyuni,
niliandika mistari yangu ya kwanza yenye maana.
Deni: laki moja na themanini elfu.
Ni la mama, la kausha damu,
ila sikumwambia mtu. Niliandika tu "deni",
kama wenzangu walivyoandika "umri", "maksi", "bei ya sukari".

Nikaunda fankisheni, nikaiita lipa.
Ndani ya mabano yake nikatoa elfu thelathini,
nikaiamuru iseme kilichobaki.
Ikasema: 150000.
Nilicheka peke yangu. Vidole bado vilinuka dagaa.

Mstari uliofuata, nje ya mabano,
nikauliza tena, deni ni kiasi gani?
180000.
Bila haya.

Nikafuta, nikaandika upya. Nikazima, nikawasha.
180000.

Bi Kwandu haanzi kufundisha kwa mdomo.
Alinishika kiwiko tukashuka ngazi
hadi kwa Masalu, anayetoa fotokopi kwa shilingi mia.
Akachomoa pochini cheti chake cha kuzaliwa.
Mwanga wa kijani ukapita chini ya kioo,
karatasi ikatoka ingali na joto.
"Shika kalamu. Nipunguzie miaka kumi."
Nikakata 1979, nikaandika 1989.
"Haya, nimekuwa kijana?"
Masalu alicheka hadi akaharibu kazi ya mteja.
Cheti chenyewe kilikuwa bado juu ya kioo,
kimelala kifudifudi, hakina habari.

Fankisheni haipewi deni, alisema tukipanda.
Inapewa nakala ya nambari.
Itaikata, itaichora, itaipigia mstari,
na mabano yakifungwa
kilichozaliwa ndani kinafia ndani.

Nilirudi Mabatini kwa miguu, nikipanda katikati ya mawe.
Chumbani kwetu mimi ni Kambale,
kwa kuwa nilikuwa nateleza nikiogeshwa.
Jina hilo halivuki kizingiti.
Mwaloni yuko Kambale mwingine, mpakia magunia,
mwanamume wa kifua na matusi,
na hatujawahi kugombania jina.
Kila mmoja na kuta zake.

Mama alikuwa amekaa kitandani na noti zake,
anazinyoosha juu ya paja.
Hii ya unga. Hii ya mtaji wa kesho. Hii ya deni.
Akaifunga ya deni kwenye pindo la kanga, akashusha pumzi:
"Tumepunguza, Kambale. Imebaki laki na nusu."

Ndipo nikamsikia.
Kumbe miezi minne analipa hivi, humu humu,
kwa sauti, mlango umefungwa,
na deni linapungua kweli, mpaka alfajiri,
pindo linapofunguliwa kwa ajili ya nauli,
ya chumvi, ya mtoto wa dada anayekohoa.
Ijumaa daftari la Kirumba linafunguliwa:
laki moja na themanini.
Mama hadanganyi. Anahesabia ndani.

Sikulala vizuri. Nilikumbuka alilomalizia Bi Kwandu
umeme ulipokatika na sura yake ikabaki sauti:
rejesha. Lakini kurejesha peke yake hakutoshi,
nje lazima awepo wa kupokea,
aweke kipya pale palipokuwa na cha zamani.
La sivyo umetupa jawabu ziwani.

Asubuhi niliomba pindo lile.
Mama aliniangalia kwa muda, kisha akalifungua.

Karani wa Kirumba alihesabu mara mbili,
akarusha noti kwenye droo,
akachana kikaratasi, akaanza kuniandikia
150
kwa kalamu inayokwama.
Daftari lilikuwa pembeni ya kiwiko chake,
limefungwa, lina alama ya kikombe cha chai.

"Si hapo," nikamwambia.
"Humo."