Punje ya Hamsini na Moja

Saa moja jioni simu imelia,
na kabla sijaipokea nimejua.
"Sista Atuganile, mwenzako amekwama.
Lori limelala Kiwira, njia imefungwa.
Utakaa naye mpaka asubuhi, eti?"
Hilo "eti" si swali. Ni komeo.

Nina mkono mmoja ndani ya sweta, mmoja nje,
kama mtu anayeaga huku anakaribishwa.
Dirishani, Uyole imemezwa na ukungu.
Juni ya huku humng'ata hata mwenye mablanketi mawili,
na Mzee Mwaisumo hana wa kumgeuza.

Hugeuzwa kila baada ya saa mbili:
ubavu wa kulia, mgongo, ubavu wa kushoto.
Asipogeuzwa ngozi hufunguka kama ganda la ndizi iliyoiva,
na kidonda cha mgongo hakisomi mkataba.

Kampuni inalijua hilo.
Ndiyo maana haifoki.
Huongea kwa upole, ikaniachia mgonjwa
kama mtu aachaye mtoto mlangoni pa watu
kisha akatokomea.

Juzi alfajiri niliinua bomba la insulini kwenye taa.
Uniti kumi na nne, nikasoma.
Nikapepesa macho.
Zilikuwa arobaini.
Niliketi sakafuni, sindano mkononi,
nikalia bila sauti, maana kuna mtu amelala.
Hiyo sijaiandika popote ila hapa.

Mzee alikuwa karani wa mahakama ya mwanzo,
miaka thelathini na mmoja akinakili maneno ya wengine.
Kiharusi kikamnyang'anya mkono wa kulia na nusu ya mdomo;
ya kwake sasa hutoka yamelowa,
huyakamua kwanza ndipo uyasikie.
Ila mkono wa kushoto mzima.
Ana kikopo cha siagi na maharage mekundu,
nami siku zote nilidhani ni mazoezi ya vidole.

Nilipokata simu akachukua punje moja,
akaishika juu ya kikopo. Hakuidondosha.
"Ha-msi-ni," akasema. "I-me-timia."

Nikazimwaga juu ya shuka, tukahesabu.
Punje kwa kila saa niliyozidishiwa
tangu juma la kwanza la mzunguko huu.
Majuma manne, saa hamsini, basi:
ndivyo sheria isemavyo,
tena kwa ridhaa ya mtu, si kwa eti.
Hamsini, wala hazijazi kiganja.
Nilidhani uchovu wangu ni gunia,
kumbe hautoshi hata mboga ya mtu mmoja.

"Nenda."
Neno zima, kavu kabisa.

Niende wapi, baba? Saa tatu akugeuze nani?
Sheria ina kichwa, ina mdomo,
mikono ndiyo haikujaliwa.
Mikono ni hii.

Niseme kweli: nilifika mlangoni.
Nilivaa na ule mkono wa pili wa sweta.
Nilinusa nje moshi, na udongo wa viazi vilivyong'olewa leo.
Nyumbani Ipyana wangu amelalia daftari la hesabu,
kalamu mdomoni, akisubiri nimwonyeshe kugawanya.

Nikarudi.

Lakini nilifungua rejesta,
ile safu ya "amekubali"
ambayo msimamizi huijaza mwenyewe kwa wino wa kijani,
nikaandika, Mzee akinitajia silabi kwa silabi
kama alivyotajiwa yeye na mahakimu wake:

Saa ya hamsini na moja. Nimebaki. Sikukubali.

Saini yangu. Chini yake, shahidi:
mstari wa mkono wa kushoto,
umepinda kama njia ya ng'ombe kuteremka mtoni.

Saa tatu nikamgeuza.
Saa tano nikamgeuza.
Saa saba ni yeye aliyeniamsha kitini,
akigonga kikopo, taratibu, ko, ko,
kwa ile punje
aliyokataa kuitia.