Ushuru wa Usiku

Alifika Mutukula na lori la Ndahiro,
paneli kumi na mbili zimefungwa blanketi
kama watoto wanaopelekwa kliniki alfajiri.

Nikafungua kitabu cha ushuru. Kidole kikashuka
hadi kwenye mstari wake: paneli za jua, msamaha.
Nikaandika sifuri kwa mwandiko mzuri,
ya mviringo, kama jua lenyewe.
"Pita, mama."

Kisha betri. Nne, nzito,
kila moja imebebwa na wanaume wawili wanaoguna.
Kitabu hakina haya: betri ni betri,
haiulizwi inakwenda kwenye gari au chini ya paa.
Ushuru, na kodi juu ya ushuru,
na ada ya kuuliza.

Kobusingye alihesabu kwa midomo.
Ana tangi la kupozea maziwa kule Isingiro,
wafugaji arobaini, ng'ombe wa pembe ndefu,
na gari la kiwanda linalopita saa mbili asubuhi,
halipiti usiku.
"Kwa hiyo jua mmelisamehe," akasema.
"Kosa langu ni giza?"

Nikamjibu kwa lugha ya ofisi:
bajeti husomwa Juni;
serikali ikitoa kwa mkono wa kulia
ule wa kushoto nao una watoto wa kulisha,
barabara hii uliyojia, dawa, walimu,
mimi.
Sikumdanganya. Ila sentensi sikuimaliza.

Betri zikabaki ghalani kwangu, chini ya turubai,
zimeshiba vumbi.

Habari zake huniletea Ndahiro:
mchana tangi linavuma, maziwa baridi kama jiwe la mtoni;
saa moja jioni kimya,
na kukicha lita mia mbili zimeganda.
Hamwagi. Anasukasuka. Anauza samli
kwa bei ya kujifuta machozi.

Juni ikaja. Nilisikiliza hotuba yote redioni
nikisubiri neno moja.
Wakasamehe magari ya umeme.
Sijaona hata moja likivuka hapa.

Wiki hiyo akaniletea kibuyu.
"Usiite hongo. Huo ni usiku wangu, uuonje."

Kanuni inadai kila zawadi iandikwe.
Nikaandika: samli, kilo moja, kutoka Isingiro,
thamani yake

na kalamu ikasita hapo,
malori yakipiga honi hadi ng'ambo ya Tanzania,
mimi nikipekua kitabu, ukurasa kwa ukurasa,
kutafuta mstari wake.