Kutia Chumvi

Redio ilisema bahari inapanda mto.
Tukacheka: watangazaji hawa, kwa kutia chumvi!

Leo Bi Nhàn wa Bến Tre
amechutama penye lango la mfereji,
amechovya kidole, amelamba,
ametema.

Hakulifungua.

Nyuma yake mpunga wa siku arobaini
umegeuka rangi ya chai iliyolala.
Boti ya dalali Khải imekuja na magunia,
imerudi nayo
yamekunjwa vilevile.

Mpunga usipokuwa mchele
mchele hauwi wali;
na mpishi wa bweni moja huko Manila,
asiyejua Bến Tre iko wapi,
anapunguza kikombe,
anaongeza maji,

kisha, kwa mazoea tu,
anatia chumvi.