Mita Moja na Robo

Chiromo, ghorofa ya tatu, saa nane usiku.
Musembi mlinzi ameizoea taa yangu.
Kwenye kioo, nukta:
chombo kilichochomekwa juu ya barafu, kusini kabisa,
kinasikiliza setilaiti saba
na kutaja kilipo, kila nusu dakika,
kama mtoto aliyetumwa dukani
akirudia bei asiisahau.

Leo bamba limesogea mita moja na robo.
Limepanda, likashuka, likapanda:
chini yake maji yamejaa, maji yamekupwa,
nami, mzaliwa wa Mwingi,
nimejifunza bamvua kwa desimali.

Mama alipiga simu.
"Unalipwa kuitazama barafu ikitembea?"
Ndiyo, mama.
"Na ikifika?"
Nikanyamaza. Friji ikanguruma.

Alfajiri nilipanda paani kupangusa vumbi
kwenye antena yetu, ile tunayoiita isiyohama.
Nayo ina daftari lake:
sentimita mbili na ushei kwa mwaka,
kaskazini mashariki,
pamoja na jiji zima, mabati, marabou juu ya mti,
na kodi yangu ya miezi miwili,
polepole,
bila kuaga.